Kikao cha Foko Kumi na Tatu za Kijani

Majimoto, Jumapili, tarehe 18 Juni 1978.

Mimi, Theopista Maximilian, mwanafunzi wa Kidato cha Pili niliye likizo, nimeombwa kuandika kumbukumbu hizi kwa sababu Katibu, ambaye ni baba yangu, amevunjika mkono wa kulia kwa kuanguka na baiskeli. Nimeahidi mbele ya wajumbe kwamba nitaandika yote yaliyosemwa na yote yaliyoonekana, ya kupendeza na yasiyopendeza, bila kumfichia mtu yeyote.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA CHAMA CHA WABEBAJI MPUNGA KWA BAISKELI, MAJIMOTO, WILAYA YA MPANDA

Mahali: Stoo ya Chama, na baadaye nje ya stoo.

Waliohudhuria:
Mzee Gaspar, Mwenyekiti
Ndugu Maximilian, Katibu
Ndugu Telesphor, Mtunza Stoo
Mama Verdiana, Mjumbe
Ndugu Ng'washi, Mjumbe

Aliyealikwa: Ndugu Libérat, fundi wa baiskeli, mkimbizi kutoka makazi ya Katumba, anayefanya kazi hapa kwa kibali tangu 1975.

Wasiohudhuria: Ndugu Cletus, kwa taarifa (amekwenda Mpanda kufuatilia matairi). Ndugu Silvester, bila taarifa, kwa mara ya tatu.

KUMB. NA. 1/6/78: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 5:15 asubuhi, baada ya watu kutoka misa. Alieleza kwamba fomu ya kibali cha Ndugu Libérat imefika na inatakiwa ofisini Mpanda kabla ya tarehe 30 mwezi huu. Katika fomu hiyo Chama kinatakiwa kusema juu ya kazi yake. Kikisema kazi haifai, kibali hakitaongezwa, naye atarudi Katumba na mke wake Donatille na watoto, na kibanda chake cha ufundi kitafungwa.

Ndugu Telesphor alisema hana ugomvi na binti, lakini haoni sawa mtoto wa aliyeanguka aandike habari za kuanguka. Mama Verdiana alisema kama yupo mwingine anayeweza kuandika mistari miwili bila kupumzika, ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Ilikubaliwa mwandishi aendelee, na kila kipengele kisomwe kwa sauti kabla ya kwenda kingine.

KUMB. NA. 2/6/78: YALIYOTOKANA NA KIKAO CHA TAREHE 20 MEI

Mwandishi alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, zilizoandikwa na Katibu kabla ya kuumia. Kipengele cha tano kilisema: "Foko za fundi Libérat ni dhaifu. Tangu 1976 zimevunjika tatu. Za dukani hazijavunjika hata moja." Kwa wasioendesha baiskeli, foko ni uma wa mbele unaoshika gurudumu na kubeba usukani. Ikivunjika, mwendeshaji hutangulia yeye, baiskeli hufuata.

Ndugu Libérat alisema ndiyo kwanza anasikia maneno hayo. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakuwahi kujitetea. Alijibu kwamba hakuwa ameulizwa.

Kumbukumbu hazikuthibitishwa. Mwenyekiti alisema zisubiri hadi mwisho wa kikao.

KUMB. NA. 3/6/78: AJALI YA TAREHE 27 MEI

Katibu alieleza kwamba siku hiyo alipakia magunia mawili ya mpunga. Alipofika kwenye mteremko wa daraja la magogo alisikia mlio, kisha akajikuta chini na gunia moja juu ya mgongo. Foko ilikuwa imekatika shingoni. Alisaidiwa na wachunga ng'ombe na kufikishwa zahanati.

Ndugu Telesphor alisema basi hiyo ni ya nne ya Libérat, na haelewi kwa nini watu wazima wanakaa kikao kuzungumzia jambo lililokwisha kuvunja mkono wa mtu. Alitoa karatasi kutoka duka moja la Majengo, Mpanda mjini, iliyosema foko wanazouza zinadumu miaka mitano. Mama Verdiana aliuliza karatasi imeandikwa na nani. Ilionekana imeandikwa na mwenye duka. Mama Verdiana akasema hata yeye vitumbua vyake akiviandikia karatasi vitadumu miaka mitano.

Ndugu Telesphor aliomba iandikwe kwamba mwenye duka, ingawa ni shemeji yake, hahusiki na lolote. Imeandikwa.

Ndugu Libérat alipoulizwa yeye anadai nini juu ya foko zake, alisema anadai zinadumu masika mbili, kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Zaidi ya hapo hajui. Alizitengeneza kwa bomba la maji na kuzichomelea kwa shaba.

KUMB. NA. 4/6/78: JEDWALI

Mwandishi aliomba ruhusa ya kuchora jedwali, kama alivyofundishwa shuleni katika somo la Sayansi, ili madai yote yakae mahali pamoja: baiskeli ya nani, foko ya aina gani, imefungwa lini, inabeba nini, ina hali gani. Mwenyekiti aliruhusu. Baiskeli za Chama ni kumi na mbili. Tisa zilikuwa zimeletwa kwa ukaguzi, na foko nne zilizovunjika zilikuwa ndani ya stoo. Jumla foko kumi na tatu.

Kwenye safu ya aina wajumbe walijibu bila kusita. Kati ya foko tisa nzima, saba walisema ni za dukani na mbili za Libérat. Zilizovunjika walisema zote nne ni za Libérat.

Walipofika kwenye baiskeli ya Ndugu Ng'washi, inayosifiwa kuliko zote kwa kuwa haijawahi kuharibika tangu Februari 1976, Ndugu Telesphor alisema, "Hiyo andika dukani. Foko kama hiyo hapa hakuna wa kuitengeneza."

Ndugu Libérat alisema, kwa sauti ndogo, "Hiyo ni yangu."

Wajumbe walicheka. Mwandishi hakujua aandike nini, akaomba aelekezwe: mtu anatambuaje foko ya dukani na ya Libérat? Daftari la stoo lilifunguliwa, likaonekana limeandikwa "foko 1", "foko 1", ukurasa mzima, bila aina. Tena foko zimekuwa zikihamishwa kutoka baiskeli moja kwenda nyingine wakati wa matengenezo. Na kwa taratibu za Chama, kila baiskeli hupakwa rangi ya kijani, fremu na foko, ili isiuzwe wala kubadilishwa njiani. Na kila Januari hupakwa tena kabla ya sherehe za mwezi wa pili. Chini ya rangi hiyo foko zote zinafanana.

Mwenyekiti aliuliza, "Sasa nyie mmekuwa mnajuaje?"

Ndugu Telesphor alisema foko nzuri inajulikana kwa kudumu kwake.

Mama Verdiana alisema, "Kumbe! Ikidumu ni ya Majengo, ikivunjika ni ya Libérat. Kama baba wa watoto wangu: mtoto akifaulu ni wake, akifeli anauliza huyu mtoto wa nani."

Ndugu Ng'washi alisema kwao ng'ombe hutambuliwa kwa alama ya sikioni, na watu hawatazami kamba aliyofungwa. Akauliza kama foko nazo hazina masikio. Ndugu Libérat alijibu kwamba zake zina vidoti vitatu alivyovigonga kwa msumari chini ya bega la foko, na za dukani zina namba ya kiwanda mahali hapo hapo. Mwenyekiti aliuliza kwa nini vitatu. Alijibu kwamba viwili vilionekana kama kosa.

KUMB. NA. 5/6/78: KUKWANGUA RANGI

Kikao kilihamia nje saa 6:40 mchana. Ndugu Telesphor alipinga rangi ya Chama kuharibiwa siku ya Jumapili. Mwenyekiti alisema itaharibiwa eneo la vidole viwili tu.

Kabla ya kukwangua, mwandishi aliomba kila mtu athibitishe jibu lake la mwanzo, kisha jedwali likafunikwa kwa gunia ili lisirekebishwe. Ilikubaliwa pia kwamba Ndugu Libérat na Ndugu Telesphor wasishike foko yoyote. Rangi iliondolewa kwa mchanga na mafuta ya taa na Ndugu Ng'washi, na alama zikasomwa kwa sauti na Mama Verdiana, ambaye alivaa miwani ya Mwenyekiti.

Matokeo. Kati ya foko tisa nzima, tano zilikuwa na vidoti vitatu na nne zilikuwa na namba. Ya Ndugu Ng'washi ilikuwa na vidoti vitatu. Kati ya tatu zilizovunjika kabla ya ajali, mbili zilikuwa na namba na moja vidoti. Mama Verdiana aliposoma namba ya pili alisema, "Telesphor, salamu za shemeji yako hizi." Mwenyekiti alimtaka azingatie taratibu za kikao.

Foko ya nne, iliyomwangusha Katibu, iliachwa mwisho. Ilikwanguliwa. Ilikuwa na vidoti vitatu.

Ndugu Libérat aliomba kuishika, akaruhusiwa, akasema, "Ni yangu. Sikatai."

Ndugu Telesphor alisema basi jambo limekwisha, na fomu ijazwe.

Ndugu Libérat aliomba wajumbe waangalie mahali ilipokatikia kabla ya kujaza chochote. Kila mjumbe aliangalia kwa zamu, na mwandishi pia. Nusu ya mkato iling'aa kama kijiko kipya. Nusu nyingine ilikuwa na kutu. Juu ya kutu hiyo, ndani kabisa ya mkato na si pembeni, palikuwa na rangi ya kijani iliyokauka.

Mwenyekiti aliuliza maana yake. Ndugu Libérat alisema yeye ni mshtakiwa, hafai kueleza. Ndugu Ng'washi alieleza kwamba rangi haiwezi kuingia ndani ya chuma kizima. Kwa hiyo ufa ulikuwepo siku rangi ilipopakwa, yaani Januari, miezi minne kabla ya ajali, na aliyepaka alipitisha brashi juu yake.

Mwenyekiti aliuliza nani alipaka rangi mwezi Januari.

Mwandishi aliacha kuandika kidogo hapa. Aliyepaka rangi baiskeli zote Januari, kwa kujitolea, siku mbili, ni Katibu. Jina lake limeandikwa na kupongezwa katika kumbukumbu za tarehe 11 Februari.

Mwenyekiti aliuliza, "Maximilian, uliuona huo ufa?"

Katibu alisema, "Andika, Theo. Uliahidi." Kisha akasema aliona mstari mwembamba kama unywele. Alijua si mkwaruzo. Zilikuwa zimebaki baiskeli tatu, rangi ilikuwa inaganda kwenye kopo, naye alijiambia atamwita fundi wiki ijayo. Wiki hiyo kulikuwa na palizi. Alikiri tena kwamba alipokuwa zahanati aliwaambia wote waliokuja kumwona kuwa foko ya Libérat imemponza, na habari ya mstari hakumwambia hata mmoja. Kwa kipengele cha tano cha kikao kilichopita, alisema aliandika alichosikia kwa watu, na hakuhesabu.

Alimgeukia Ndugu Libérat na kusema, "Ndugu yangu, nimekupaka rangi hata wewe."

Ndugu Libérat alijibu, "Mkono unaendeleaje?" Katibu alisema usiku unauma. Ndugu Libérat alisema baridi ya Juni ndivyo ilivyo, afunge kitambaa cha sufu.

KUMB. NA. 6/6/78: TUNAJUA NINI

Kikao kilirudi ndani saa 8:30. Mwandishi alisoma jedwali lilivyo sasa. Foko za dukani sita, zilizovunjika mbili. Foko za Libérat saba, zilizovunjika mbili.

Mama Verdiana alisema basi za Libérat ni bora, shauri likatwe. Mwandishi aliomba radhi na kueleza kwamba mwalimu wao wa Sayansi hukataza kusema "bora" kwa hesabu ndogo kama hii. Ikivunjika moja kesho maneno yote yanageuka. Tena mizigo haikuwa sawa. Ndugu Ng'washi hubeba magunia mawili kila safari. Kwa baiskeli ya Ndugu Telesphor, ambayo foko yake ya dukani imesifiwa katika vikao vinne, safu ya mzigo ilijazwa kwa maelezo yake mwenyewe: "daftari la stoo".

Mama Verdiana aliuliza, "Na kalamu?"

Ndugu Ng'washi alisema wakifa kuku wawili kati ya sita na wawili kati ya saba, hawezi kusema banda lipi lina ugonjwa. Mwenyekiti aliuliza nini kifanyike ili kujua. Baada ya majadiliano iliazimiwa:

Foko mbili mpya, moja ya dukani na moja ya Libérat, zifungwe kwenye baiskeli mbili zinazofanana. Zibebe magunia mawili kila moja, kwa njia moja, kutoka stoo hadi daraja la magogo na kurudi, safari arobaini. Waendeshaji wabadilishane kila safari, ili isije ikasemwa mmoja anajua kukwepa mashimo. Baiskeli moja iwe ya Ndugu Telesphor. Ndugu Telesphor alisema hakuombwa. Aliombwa. Alikubali.

Foko zisipakwe rangi tena kamwe. Zipakwe grisi, zifutwe kila Jumamosi, na mwenye baiskeli apitishe ukucha shingoni kutafuta ufa. Alama ya Chama, yaani rangi ya kijani, iwekwe kwenye fremu tu. Katibu aliomba kazi hiyo ya ukaguzi apewe yeye mkono utakapopona. Wajumbe walimpa.

Jaribio litachukua hadi katikati ya Agosti.

KUMB. NA. 7/6/78: FOMU

Mwenyekiti alisoma fomu. Sehemu inayohusu Chama ina mstari mmoja: "Kazi yake INARIDHISHA / HAIRIDHISHI (kata lisilohusika)." Alieleza kwamba ukweli utapatikana Agosti na fomu inatakiwa Juni.

Ndugu Telesphor alisema likatwe INARIDHISHA, kwa sababu foko iliyovunja mkono ni ya Libérat na vidoti vimeonekana kwa macho ya wote. Mama Verdiana alisema likatwe HAIRIDHISHI, kwa sababu za shemeji zimevunjika mbili na hakuna anayemfukuza shemeji Majengo.

Ndugu Libérat aliomba kusema. Alisema asingependa neno INARIDHISHA libaki kwa kumwonea huruma, maana mwaka kesho foko moja ikikatika watu watasema Chama kilidanganya na yeye ndiye sababu.

Mama Verdiana alimuuliza, "Fundi, sema wazi. Unataka kubaki au unataka kuondoka?"

Alijibu, "Nataka kubaki, mama. Donatille amepanda mihogo. Mtoto yupo darasa la tatu. Nataka kubaki sana. Lakini mniandikie mlichokiona. Mkiandika zaidi ya hicho, ni rangi nyingine."

Mwenyekiti alipendekeza kwamba neno lolote lisikatwe. Fomu iende na maneno yote mawili, na nyuma yake libandikwe jedwali pamoja na maelezo ya ufa na rangi, kama yalivyo katika kumbukumbu hizi. Waliokubali: watatu. Aliyekataa: Ndugu Telesphor, aliyesema ofisi haijawahi kupokea fomu isiyokatwa. Katibu hakupiga kura, kwa kuwa shauri linamhusu. Pendekezo lilipita.

Kipengele cha tano cha kikao cha tarehe 20 Mei kilifutwa, na kumbukumbu nyingine za siku hiyo zikathibitishwa. Katibu aliomba akifute mwenyewe. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kupiga mstari, haukunyooka, lakini unaonekana, na maneno ya chini yake bado yanasomeka. Mwenyekiti alisema ndivyo inavyotakiwa.

KUMB. NA. 8/6/78: MENGINEYO

Ndugu Ng'washi aliomba vidoti vya foko yake visizibwe tena. Ilikubaliwa.

Mama Verdiana aliomba iandikwe kwamba Ndugu Silvester bado hajafika. Imeandikwa.

KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alishukuru wajumbe na kufunga kikao saa 10:20 alasiri. Kumbukumbu zilisomwa zote kwa sauti. Ndugu Telesphor aliomba maneno "daftari la stoo" yaondolewe. Yamebaki.

Mwenyekiti: Gaspar (sahihi)

Katibu: Maximilian (sahihi kwa mkono wa kushoto)

Imeandikwa na: Theopista Maximilian

Nakala: Ndugu Afisa Ushirika wa Wilaya, Mpanda, kwa mkono wa dereva wa lori la mpunga, Jumatano tarehe 21.

Ndugu Afisa Ushirika, Mwenyekiti ameniruhusu kuongeza mistari hii chini ya sahihi. Lori litalala Mpanda na kurudi Majimoto Ijumaa, na dereva amekubali kupita ofisini kwako asubuhi kuchukua jibu. Fomu ipo kwetu, imejazwa kila mahali, na jedwali limebandikwa kwa ubwabwa. Likija jibu Ijumaa, tunabaki na wiki moja. Tunaomba kujua jambo moja tu: fomu ambayo haikukatwa neno lolote, kwa sababu walioijaza hawajui bado na wamesema hawajui, itapokelewa?